Dai safi, zana zake nusu nusu: mapitio ya seti ya dai ya kupiga braketi

Nyota 5 kwa dai (ile ya presi, ya kukatia na kukunjia shiti ya chuma), nyota 2 na nusu kwa zana zilizokuja nayo, wastani piga mwenyewe. Najua kuna mtu atauliza sasa hivyo si kitu kimoja, dai na zana si ndo hizohizo? Hapana aisee, na ndo maana naandika ndefu hivi, kwa sababu hiyo tofauti ndo imetusumbua tangu seti ifungwe kwenye presi. Jina la aliyeitengeneza sitaji, kazi yake nyingine ni nzuri na nimeshamwambia mwenyewe haya yote.

Kwa asiyekuwa kwenye hizi kazi: zana ni kila kitu kinachosaidia shiti ya chuma igeuke kuwa kazi (yaani kipande kilichokamilika), yaani panchi (chuma kinachoshuka kutoboa au kukata), dai, stripa (inayoizuia shiti isipande na panchi), pini za pailoti (za kuupanga mkanda wa shiti), nguzo na bushi zake za kuongozea, springi, geji za kupimia, jigi za kushikia. Dai ni moja tu kati ya hizo, ndo ile yenye tundu au bonde linaloamua shiti itoke na umbo gani. Kwa hiyo kila dai ni zana ila si kila zana ni dai. Kinachochanganya watu ni kwamba mzigo mzima ukishafungwa pamoja, bamba la juu na la chini na vyote vilivyo katikati, karakana nzima inauita dai, ukisema leta dai wanakuletea lile lizito la kubebwa na foko. Na humo ndani panchi bila dai ni kipande cha chuma tu kinachoshuka na kupanda, na dai bila panchi ni tundu. Ukinunua unalipia jinsi hivyo viwili vinavyokutana, na jinsi vingine vyote vinavyovifanya viendelee kukutana palepale baada ya mapigo maelfu.

Tulichoagiza ni dai ya mfululizo ya vituo vitano, ya braketi ndogo iliyokunjwa nyuzi 90, chuma laini mm 2, matundu mawili ya mm 8. Mkanda wa shiti unaingia upande mmoja, kituo cha kwanza kinatoboa matundu ya kazi pamoja na tundu la pailoti, cha pili kinakata pembeni kupata umbo, cha tatu hakifanyi kitu, kipo tu kutoa nafasi ili mabloku yasibanane na yawe na nguvu (wanaoona hicho kituo ni upotevu wa chuma wasubiri siku ya kutafuta pa kuweka bolti), cha nne kinakunja, cha tano kinakata braketi idondoke. Kila pigo moja la presi kazi moja imetoka, na vituo vyote vinafanya kazi kwa wakati mmoja kwenye sehemu tofauti za mkanda.

Nianze na kizuri, maana kipo.

Kitu cha kwanza nilichopima kabla hata haijapanda mezani ni gepu kati ya panchi na dai, maana hapo ndo unajua umekutana na fundi au umekutana na mtu mwenye mashine. Panchi haitakiwi iingie kwenye dai kwa kubana, lazima kuwe na uwazi kidogo pande zote, na uwazi huo unategemea unene na aina ya shiti. Kwa chuma laini watu wengi wanakaa kati ya asilimia 5 na 10 ya unene kwa kila upande. Hawa walichukua 8, kwa shiti ya mm 2 hiyo ni mm 0.16 kila upande, kwa hiyo panchi ya mm 8 inashuka kwenye tundu la dai la mm 8.32, na nilipopima ndivyo ilivyokuwa. Hayo maneno "kila upande" yaandike kwenye oda kwa herufi kubwa, ukimwambia mtu gepu ni 0.16 ukanyamaza atakuja kukupa 0.08 huku na 0.08 kule, halafu mtabishana nani alimaanisha nini wakati panchi inaliwa.

Halafu kuna hili ambalo ukiwauliza wauzaji wengi wanababaika: gepu unaliweka upande gani? Ukitoboa tundu, kipande kinachodondoka ni skrapu na tundu ndo kazi, na saizi ya tundu inatoka kwa panchi, kwa hiyo panchi inakuwa saizi ya mchoro na dai ndo inaongezwa. Ukikata kipande ambacho chenyewe ndo kazi, tuseme duara la mm 60, mambo yanageuka, saizi ya kipande inatoka kwenye ukuta wa dai, hivyo dai inakuwa 60 kamili na panchi inapunguzwa hadi 59.68. Shiti ileile, gepu lilelile, ila ukikosea upande kazi yote inatoka kubwa au ndogo kwa 0.32 na hakuna marekebisho ya presi yatakayokuokoa. Kwenye seti yetu kituo cha kutobolea kimehesabiwa kwa panchi na vituo vya kukata umbo vimehesabiwa inavyotakiwa, kila kimoja kwa mantiki yake, sikukuta hata kimoja kilichonakiliwa kizembe kutoka kwa jirani yake. Hiyo kwangu ni nyota mbili peke yake.

Ukitaka kujua gepu liko sawa bila kalipa (kifaa cha kupimia), chukua kazi iliyotoka halafu itazame ukingo wa tundu kwenye mwanga. Juu kabisa kuna kizunguko laini ambapo shiti iliinama kabla ya kukatika, chini yake kuna mkanda unaong'aa, hapo panchi ilipita ikisugua, halafu kuna sehemu butu yenye chembechembe ambapo chuma kilichanika chenyewe, na mwisho kabisa ndevu, ule ukali unaokwaruza kidole. Kwa chuma laini mng'ao ukichukua kama theluthi ya unene mambo ni mazuri. Ukiona mikanda miwili inayong'aa yenye ubutu katikati ujue gepu ni dogo, nyufa za juu na za chini zimepishana na chuma kimekatwa mara mbili. Ukiona ndevu ndefu na mviringo mkubwa juu, gepu ni kubwa au makali yameisha. Na ukiona mng'ao mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili basi panchi haijakaa katikati ya dai, gepu la jumla linaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi ila lote limehamia upande mmoja. Za kwetu wiki ya kwanza zilikuwa sawa mzunguko mzima, nilizipitisha kwenye lenzi moja moja nikafurahi, nikamwonyesha na mzee wa presi akasema tu "hii imekatwa vizuri" akaendelea na chai yake, na yeye si mtu wa kusifia.

Chuma cha dai ni D2, ile yenye kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu karibu 12, Wajapani wanaiita SKD11 na Wajerumani 1.2379, kimsingi ni familia moja. Imekazwa kwa moto hadi HRC 60 na kidogo (HRC ni kipimo cha ugumu wa chuma), na matundu yamekatwa kwa mashine ya waya wa umeme baada ya kukazwa, ambavyo ndivyo inavyopaswa kwa sababu ukikata kwanza halafu ukakaza, moto unavuta chuma na vipimo vyako vinahama. Tundu la dai lina ukuta ulionyooka kama mm 4 kutoka juu halafu linaanza kupanuka taratibu ili skrapu idondoke bila kujazana. Huo ukuta ulionyooka ndo akiba yako ya kutia makali, kila ukisaga juu kidogo saizi ya tundu haibadiliki mpaka akiba iishe. Nimeona dai za bei ya kutupa ambazo upanuzi unaanza hapohapo juu, ukisaga mara ya kwanza tu gepu limeshakua. Hapa hawakufanya ujanja huo. Na matundu ya mm 8 hayajachongwa moja kwa moja kwenye bloku, yamewekewa pete za dai zinazochomoleka, pete ikivunjika unachomoa unaweka nyingine, bloku inabaki. Big ap kwa hilo.

Sasa tuje kwenye zana.

Bamba la mgongo. Hili ni bamba linalokaa nyuma ya vichwa vya panchi, ukilitazama unaona ni kipande cha chuma tu hakina umbo lolote, na nadhani ndo maana nalo lilitengenezwa kama kipande cha chuma tu. Piga hesabu kidogo: nguvu ya kukata ni mzingo mara unene mara uimara wa shiti dhidi ya kukatika, tundu la mm 8 lina mzingo wa mm 25 hivi, mara 2, mara 300 kwa chuma laini, unapata kama newtoni 15,000, yaani tani moja na nusu kwa tundu moja dogo. Hiyo tani moja na nusu yote inapanda kupitia shingo ya panchi na kutokea kwenye kichwa chake, eneo dogo sana, na inagonga bamba la mgongo kila pigo. Bamba likiwa gumu halisikii. La kwetu lilikuwa laini, faili inalila bila shida, na vichwa vya panchi vikaanza kujichimbia vishimo. Vishimo vikishakuwepo panchi inapata mchezo wa juu na chini, inashuka pungufu kidogo, inatikisika ikigusa shiti, na kitu kinachotikisika kwenye gepu la mm 0.16 unajua mwisho wake. Ule mng'ao niliousifia hapo juu ukaanza kuegemea upande mmoja, halafu panchi moja ikalika ukingo na pete yake ya dai nayo ikapata pengo.

Hebu tazama hapo: dai haikuwa na kosa hata moja, D2 nzuri, ugumu mzuri, saizi nzuri, na bado imeumia kwa sababu ya bamba lililo juu kabisa ambalo haligusi hata shiti. Nilipowapigia walisema "dai yetu haina tatizo", na kweli haina, ila mimi sikununua bloku ya dai ya kuweka kabatini.

Cha pili ni stripa. Panchi ikishatoboa, shiti inaibana na inataka kupanda nayo, kazi ya stripa ni kuishikilia shiti chini wakati panchi inachomoka. Makadirio ya kawaida ni kwamba nguvu ya kuchomoa ni kati ya asilimia 10 na 20 ya nguvu ya kukata, ukichagua springi unaanzia hapo na unaongeza kidogo kwa sababu makali yakichoka msuguano unapanda. Springi walizoweka zilitosha siku makali yalikuwa mapya. Makali yalipoanza kuchoka kidogo tu mkanda ukaanza kuinuka na panchi, unasikia mlio mwingine kabisa, tak ya pili baada ya tak ya kwanza. Wengi wanadhani panchi nyembamba huvunjika ikishuka, nyingi huvunjika ikipanda, shiti inaivuta kimshazari na shingo haiwezi. Stripa ya springi ina faida nyingine pia, inaibana shiti ikae sawa kabla ya kukata na ikiwa na bushi zake inaiongoza panchi karibu kabisa na shiti, kwa hiyo kuamua kuiweka ilikuwa akili, walichokosea ni springi zenyewe. Tumebadilisha tukaweka nzito zaidi na ile tak ya pili imekwisha.

Tatu, skrapu kurudi juu. Hii ndo inayonitia hasira zaidi maana dawa yake inajulikana. Kipande kinachotobolewa kinatakiwa kidondoke chini kupitia dai, lakini kikiwa kidogo na chepesi na kuna mafuta, kinaganda kwenye uso wa panchi na kupanda nayo, halafu kinadondoka juu ya mkanda. Pigo linalofuata linakikandamiza kati ya stripa na shiti, braketi inatoka na shimo lisilo la kwake, na ukiwa na bahati mbaya kinakaa pale panchi inaposhukia na unapiga unene mara mbili. Dawa zipo: panchi yenye kipini kidogo cha springi katikati kinachosukuma skrapu ibanduke, au tundu jembamba la hewa ili panchi isiinyonye, au panchi kuingia ndani zaidi ya dai, au gepu kupunguzwa kidogo ili skrapu ibanwe vizuri na ukuta. Kwa panchi za mm 8 kipini kinaingia bila shida. Wao waliweka panchi tambarare tupu. Mbona kwenye katalogi yoyote zile zenye kipini zipo?

Angalau panchi zenyewe ni za kiwango, umbo la DIN 9861 (kiwango cha Kijerumani) lenye kichwa cha koni ya nyuzi 60, kwa hiyo sikulazimika kurudi kwao kuomba spea, mtu yeyote anayeuza hizi anazo. Ukiagiza dai sisitiza hilo. Kuna mafundi wanachonga panchi za umbo lao wenyewe ili kila ikivunjika uwarudie wao.

Pini za pailoti sina la kulalamika. Hizi ndo zinaupanga mkanda kila pigo, zinaingia kwenye tundu lililotobolewa kituo cha kwanza na kuusogeza mkanda mahali pake halisi kabla panchi yoyote haijaugusa, kwa hiyo lazima ziwe ndefu kuliko panchi na ncha yake iwe ya mviringo. Zao zilikuwa hivyo. Na yule kijana aliyekuja kufunga alimwelekeza opereta kitu ambacho wengi hawasemi, kwamba mashine ya kulishia mkanda lazima iuachie mkanda wakati pailoti inaingia, ikiendelea kuushika pailoti inavuta huku rola zinavuta kule, tundu linakuwa yai. Kijana anajua kazi yake. Pia kabla ya kuingiza mkono popote aliweka vile vigogo vya usalama kati ya bamba la juu na la chini na kuzima presi kwenye swichi kuu, akamkatalia opereta wetu aliyetaka "kurekebisha kidogo tu" presi ikiwa inazunguka. Kwa hilo namwongezea nusu nyota, imeshajumlishwa kule juu.

Nguzo na bushi za kuongozea nazo ni nzuri, nguzo nne, moja imehamishwa kidogo makusudi ili mtu asiweze kufunga bamba la juu limegeuka. Ila wanunuzi wasidanganywe na nguzo. Kuna imani kwamba dai ikiwa na nguzo nene basi presi chakavu haina neno. Presi za fremu ya C (zilizo wazi mbele) zinapobeba mzigo zinafunguka mbele kidogo kama mdomo, kichwa kinainama, na panchi zinashuka zikiwa zimelala kwa sehemu ndogo ya milimita. Nguzo zitapinga kwa muda halafu bushi zitaliwa. Mzigo wa pigo letu zima, ukijumlisha mizingo yote inayokatwa kwa pamoja kama mm 310, ni kama tani 19 kabla hujaweka kukunja na springi, presi yetu ni ya tani 40 kwa hiyo tuko vizuri. Na wao walifanya kitu kizuri, panchi hazina urefu mmoja, zimepishana kwa ngazi ili zisiume shiti zote kwa mara moja, mshtuko umepungua na ule mlio wa presi kuruka baada ya chuma kuachia umepungua pia. Mwenye presi inayokaribia kikomo aombe hicho kwa jina.

Kukunja sasa. Shiti ukiikunja nyuzi 90 na kuiachia inarudi nyuma kidogo, chuma laini kwa kawaida nyuzi moja mpaka tatu hivi, kwa hiyo dai ya kukunja inakunja zaidi ya 90 ili ikirudi ifike hapo. Wao waliweka nyongeza yao baada ya majaribio kwa shiti ile ile tuliyowapelekea, na braketi zinatoka 90 safi kwa guniya. Ila tulipobadilisha koili, shiti ya kiwango kilekile lakini ngumu kidogo zaidi, pembe ikafunguka. Hilo si kosa la dai. Ndo maana unatakiwa uombe kituo cha kukunja kiwe na namna ya kurekebishwa, kabari au shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kuinulia), na hapa ipo kabari moja inayozungushwa kwa bolti bila kushusha dai mezani. Mwelekeo wa kukunja nao waliuangalia, mstari wa mkunjo unakata mwelekeo wa shiti ilivyoviringishwa kiwandani, ukikunja sambamba nao kona inapasuka nje mapema.

Nikaribie kumaliza na kutia makali, maana hapo ndo uhusiano wa hivi vitu unaonekana kuliko popote. Panchi za kukata zikichoka unasaga pamoja na uso wa dai, kidogo kidogo, 0.1 au 0.2 mpaka ile duara ya ukingo iishe. Sawa, makali yamerudi, lakini sasa panchi za kukata ni fupi na bloku za dai ziko chini, huku kituo cha kukunja hakijaguswa, kiko urefu uleule. Ukirudisha presini bila kufidia, kituo cha kukunja kitagonga mapema na kukata kutakuwa bado hakujakamilika, au utashusha presi mpaka ikate halafu mkunjo utakandamizwa kupita kiasi. Kwa hiyo chini ya kila bloku ya kukata unaweka shimu sawasawa na ulichosaga. Hawa jamaa walileta shimu zilizokatwa tayari kwa umbo la kila bloku, za unene tofauti, na mashimo ya bolti mahali pake. Sijawahi kuzikuta kwenye seti nyingine na zimetuokolea saa nyingi. Sasa mtu anayefikiria mpaka shimu anaachaje bamba la mgongo likiwa laini, hapo ndo nashindwa kumwelewa.

Huduma baada ya kuuza: kati na kati. Walileta mkanda wa majaribio wenye vituo vyote vitano, huo tumeutundika ukutani na kila shifti inalinganisha nao, kitu bora kuliko karatasi yoyote. Michoro walileta, lakini orodha ya spea haina namba za springi wala unene wa shimu, tumezipima wenyewe. Kwenye suala la bamba mwanzoni waligoma, nikawatumia picha za vishimo na vipimo vya ugumu, wakanyamaza siku kadhaa, halafu wakatuma bamba jipya lililokazwa bila malipo, usafirishaji ukiwa juu yetu. Panchi na pete iliyoharibika hawakurudisha. Mi naona wangerudisha.

Inamfaa nani? Kazi ya wingi, mkanda wa koili, kipande kidogo, presi yenye afya. Kama unapiga vipande mia kwa mwezi usijisumbue na dai ya mfululizo, chukua dai moja moja za kituo kimoja kimoja, polepole lakini spea zake ni rahisi na ukibadilisha mchoro hujatupa mzigo mzima. Na kama kazi yako ni washa, au kitu chochote ambacho tundu lazima likae katikati kabisa ya duara la nje, usiende na mfululizo hata kidogo, tafuta dai ya kompaundi ambayo inakata nje na ndani kwa pigo moja kituo kimoja. Humo kuna kipande kimoja cha umbo la pete ambacho upande wake wa nje ni panchi ya kukata duara na tundu lake la ndani ni dai ya kutobolea, vyote viwili kwenye chuma kimoja, kwa hiyo tundu haliwezi kuhama kutoka katikati kwa sababu ya mkanda kusogea vibaya. Nikiulizwa na vijana panchi inaishia wapi na dai inaanzia wapi huwa nawapa kipande hicho mkononi waamue wenyewe.

Dai ya washa tumewaagiza haohao, ndio, baada ya malalamiko yote haya. Safari hii kwenye oda imeandikwa bamba la mgongo HRC 58 kwenda juu na litapimwa mbele yetu, springi za stripa zihesabiwe kwa asilimia 20, panchi za ndani ziwe na vipini vya kusukuma skrapu, na spea mbili za kila panchi nyembamba ziwe kwenye boksi moja na dai. Wameshasaini.